Balbu ya Gari la Nyawira

Haya alinieleza Githae, rafiki yangu wa Ruiru, na Githae si mtu wa porojo.

Mwaka wa tisini na saba alikuwa hapeleki gari gereji. Alikuwa akiunganisha matundu mawili ya plagi ya kupimia injini chini ya boneti kwa kipande cha waya, kisha anahesabu taa ya injini ikipepesa kwenye dashibodi, anajua ugonjwa.

Siku moja taa ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara moja: ugonjwa wa gharama. Akachomoa balbu, akaitupa kwenye mkebe wa misumari, akamuuzia jirani yake Nyawira gari.

"Githae, hii gari iko sawa kweli?" Nyawira alimuuliza.

"Iko sawa. Wewe endesha tu."

Lilimzimikia kwenye reli, karibu na Thika, treni ikija.

Jioni ya mazishi, Githae aliingia stoo kutafuta msumari. Stima zilikuwa zimepotea. Gizani akasikia tik, tik, kimya, tik. Akafunua mkebe. Balbu ilikuwa ikipepesa, haina waya wala betri, na hesabu ilikuwa ile ile ya siku aliyoichomoa.

"Si kila mtu huchomoa balbu akiuza?" aliniuliza, macho chini.

Mkebe niliushika mwenyewe. Ulikuwa na joto, kama boneti ya gari lililozimika sasa hivi.