Kiden Anataka Mlango Wake

"Futa hiyo," Kiden alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani yake.

Maker alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, hapo hapo sokoni Konyo Konyo, akimsomea mpango wa fungate yao. Koboko, kwa shangazi Harriet. Nakuru, kwa mjomba Malith. Mombasa, kwa binamu. Nchi mbili, miji mitatu, na hoteli hata ya dawa hakuna! Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu, na kanisani majina yao yalishatangazwa.

"Nifute ipi?"

"Zote. Mimi iko nataka hoteli."

Siku nyingine Maker angemcheka. Yeye alikulia Nakuru, na hiyo "mimi iko" ya Kiden, Kiswahili cha Koboko, ndiyo ilikuwa utani wao. Leo hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba mjomba Malith ndiye aliyemlea na kumsomesha. Kufika Nakuru na kulala hoteli ni kumwambia mzee kwamba amemchoka, na watu watasema mke ndiye aliyemgeuza.

Kiden akasimamisha cherehani. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu.

"Kwa shangazi Harriet nililala sebuleni miaka tisa. Wageni wakichelewa kutoka, mimi iko nasubiri ndiyo nitandike godoro. Asubuhi nalikunja kabla mtu hajaamka. Nguo nilibadilishia nyuma ya pazia, Maker. Sijawahi kulala mahali ufunguo iko kwangu, hata siku moja. Sasa unataka nianze ndoa kwenye sebule ya watu?"

Maker aliuinamia mpango wake. Kiden alimwonea huruma, lakini maneno yake hakuyarudisha. Alimwambia wazi kwamba kama ni lazima kulala kwa watu, ataenda mwenyewe kwa mchungaji kuisimamisha harusi.

Maker akapiga simu, akaweka spika.

"Mjomba, Nakuru tutakuja kukusalimia, lakini tutalala hoteli. Nimeamua mimi."

"Nani amekukosea hapa kwangu?"

Kiden hakuweza kuvumilia mwenzake abebe mzigo usio wake. Akainamia simu.

"Mjomba, malesh, nisamehe. Si yeye. Ni mimi iko nataka mlango yangu."

Halafu simu ikakatika. Maker akaichukua, akaaga, akaondoka. Kiden alilia hadi wateja wakamwuliza amefiwa na nani. Alijua kijana wa watu amempoteza baba mlezi kwa ajili yake.

Siku mbili zikapita. Ya tatu, mchana, Maker akaja na kumpa simu asome. Kulikuwa na picha ya mlango wenye kitasa kipya, na chini yake maneno ya mjomba:

"Nilikata simu kwa kukosa la kusema. Kukosa mlango nakujua, hata mimi nimelala sebule za watu. Mwambie mke wako hapa pia iko mlango. Ufunguo iko moja, nimemwekea yeye. Ila mkipenda hoteli, basi, sina kinyongo."

Kiden aliisoma mara mbili, akafuta macho kwa kipande cha kitenge.

"Nakuru tunalala kwa mjomba."

"Na Mombasa?"

"Hoteli."

"Koboko je?"

Kiden akairudisha nguo chini ya sindano.

"Kwa shangazi tutakunywa chai. Kulala, hoteli."

Maker akaandika hivyo hivyo, bila swali.

"Mimi iko sawa," akasema, na Kiden akacheka.