Dozi ya Kwanza

Mtafiti alimkuta muuza maziwa katikati ya soko, kopo mdomoni, wateja wamejipanga mbele yake.

"Kaka, hayo yamechemshwa?"

"Yakichemshwa nitajuaje kama yameharibika? Mimi huonja kila dumu kabla ya kuuza. Watu wananiamini kwa ulimi huu."

"Basi utakuponza ulimi huo." Akatoa kichupa. "Tunatafuta brusela, bakteria wa ng'ombe wanaoingia kwa watu kupitia maziwa mabichi. Nipe vijiko viwili."

"Chukua dumu zima, ilimradi majibu ulete mwenyewe."

Angeweza kutuma ujumbe, wallahi. Lakini akaja, tena na gauni la samawati lililomkaa sawasawa na manukato yaliyonyamazisha foleni. Maziwa ya mfugaji mmoja anayemletea muuza maziwa yalikuwa na brusela. Kuanzia siku hiyo simu hazikukatika.

"Umekunywa maziwa, mpenzi?"

"Nimechemsha mpaka yakanichukia."

Lakini muuza maziwa tayari alikuwa amechelewa. Miezi mitatu baadaye homa ikamshika: jioni anawaka, asubuhi mzima, mgongo unamuuma kama mzee. Damu yake ikaonyesha brusela. Daktari akaandika dawa za wiki sita, akataka kumweleza mgonjwa madhara yake. Mtafiti akamwambia, "Niachie, nitamweleza mwenyewe."

Hakumweleza. Alijua kwamba kwa wagonjwa wachache, dozi ya kwanza ikiua bakteria wengi kwa mpigo, mabaki yao huutikisa mwili: homa hupanda, presha hushuka. Ndio utafiti wake. Lakini alijua pia kwamba baba wa muuza maziwa alifariki siku moja baada ya kuanza dawa za hospitali, na mwanawe hajawahi kuziamini tangu hapo.

"Hazitanidhuru?" muuza maziwa aliuliza, vidonge kiganjani.

"Meza tu, mpenzi."

Alasiri hiyo hiyo alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia, mikono baridi, maneno hayaeleweki. Mama yake akapiga simu. "Umempa nini mwanangu?"

Hospitalini walimtundikia dripu, mtafiti akakesha kwenye kiti pembeni. Asubuhi presha ilikuwa imerudi. Muuguzi akasema, "Hutokea mara chache. Kwani hukuambiwa?"

Muuza maziwa akageuza shingo. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi ni mchumba wako au sampuli yako?"

Mtafiti alitoka nje akalia ukutani bila aibu. Muuza maziwa akakataa vidonge, akakataa simu zake, akageukia ukuta siku mbili nzima. Homa nayo ikaanza kurudi.

Siku ya tatu mtafiti aliingia wodini na kanga ya kazi za nyumbani, macho yamevimba. Akamwamkia mama, akamwomba abaki asikie.

"Daktari anataka uanze tena hapa hapa, wakuangalie," alimwambia muuza maziwa. "Safari hii nasema yote. Utasikia kichefuchefu. Jua litakuchoma ngozi. Unaweza kumaliza wiki sita na ugonjwa ukarudi. Ukiacha, unaweza kuingia kwenye viungo, hata moyoni. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utakataa, nikuzike. Nakupenda, na nilikukosea. Usimeze kwa ajili yangu. Hata kama unanichukia, meza huku unanichukia."

Mama akajifuta uso kwa upande wa kitenge.

"Mwanangu, mwenye nia mbaya hakuanikii yote haya mbele ya mama yako."

Muuza maziwa akanyoosha mkono. Akameza vidonge kimoja kimoja, akimtazama mtafiti machoni. Walikaa wote watatu mpaka jioni, muuguzi akipima presha kila baada ya muda. Haikushuka.

"Wiki sita zikiisha," muuza maziwa alisema taratibu, "nitatuma wazee kwenu. Na mimi nakwambia mabaya yangu mapema. Nakoroma. Nina wivu. Na mama atakaa na sisi."

"La kukoroma wodi nzima inalijua. La wivu nilishaliona sokoni."

"Na hilo la tatu?" mama akauliza.

Mtafiti akamgeukia. Njia rahisi ilikuwa pale pale, tamu, ya neno moja tu: sawa.

"Hilo linanitisha, mama," alisema. "Lakini nakuja."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu," alimwambia mwanawe, "muoe."