Kiitikio Bila Wimbo

Majirani zangu wa Cheyo, nanyi wa mbali mnaosoma haya, niazimeni masikio kidogo. Nina habari ya Recheli na mama yake.

Kila mwezi wa saba, viazi vikishachimbwa, Recheli na mama yake, Bibi Asnath, walikaa uani wakikata michembe, vile vipande vya viazi vya kuanika. Mama alianzisha wimbo, binti akaitikia. Ulikuwa wimbo wa ukoo wao, ulioachwa na wanawake waliobaki nyumbani zamani zile waume zao walipobeba mizigo kwenda pwani.

"Nani yupo nyumbani?" mama aliuliza kwa kuimba.

"Tupo, moto haujazimika," Recheli alijibu.

Kisha mama alitaja kituo kimoja cha njiani, halafu kingine, beti nyingi kweli, na kila ubeti ulipata jibu lile lile. Ungo ulijaa bila wao kuchoka.

Basi Adriano, kaka yake Recheli aliyeko Mwanza, akamtumia dada yake simu nzuri. Nia yake ilikuwa njema, wala simlaumu. Na aliyoyaona Recheli humo yalipendeza, tusidanganyane. Mtu anaunda ndege kwa vipande vya sahani zilizovunjika. Msichana anachora uso wa nyanya yake kwa masalia ya chai. Mzee anapuliza jani, linalia kama filimbi. Siku za kwanza alimwonyesha mama, wakacheka pamoja.

"Huyo wa ndege," mama alisema, "kwake wanakula kwenye sahani gani sasa?"

Lakini video moja ni fupi, nayo huita mwenzake. Recheli akanunua hedifoni. Msimu uliofuata alikaa pale pale uani, kisu mkononi, simu ameiegemeza kwenye ndoo.

"Nani yupo nyumbani?" mama aliimba.

Mama akangoja, akaimba tena. Mwishowe akajiitikia mwenyewe kwa sauti ndogo.

Siku moja Recheli aliruka. "Mama, tazama! Wanawake wa nchi ya mbali wanatwanga wakiimba, wanapokezana! Jamani, wenzetu wanajua kutunza vyao." Machozi yalimlengalenga.

Mwanne, jirani yao, alikuwa amekuja kuazima kinu. "We Recheli! Na huyu anayeimba nyuma yako tangu asubuhi ni redio?"

"Mwache, Mwanne," mama alimtetea. "Mtoto anapenda vitu vizuri." Kisha akasema taratibu, "Basi na wa kwetu urekodi, mwanangu. Nitakuimbia wote, mpaka pwani."

"Kesho, mama. Simu imejaa. Ngoja nifute vitu kidogo."

Imejaa nini, ndugu zangu? Nyimbo za watu. Na kila Recheli alipotaka kufuta, alikuta jambo zuri mno, akalitazama tena badala ya kulifuta.

Mwezi wa tisa Bibi Asnath alianguka jikoni. Kiharusi. Hospitalini walimhangaikia kwa moyo wote, akarudi nyumbani hai, ila mkono wa kulia na sauti havikurudi. Mwanne alileta uji kila asubuhi bila kuombwa, akimfuta mdomo kwa pindo la khanga yake mpya.

Recheli alifuta kila kitu kwenye simu. Akaisogeza kinywani mwa mama. "Mama, nakuomba. Kituo cha kwanza ni kipi?"

Mama akafungua kinywa. Ilitoka pumzi tu.

Hapo ndipo Recheli alipotambua kwamba miaka yote alijua kuitikia, basi. Beti zilikuwa za mama. Akampigia Adriano, naye alikumbuka jibu tu. Wazee wengine wa ukoo walishatangulia.

Mwezi wa saba ukarudi. Recheli akamtoa mama uani, akashika kisu. Mama akaanza kugonga ungo kwa mkono wa kushoto, mapigo ya ubeti mzima, kisha akatulia akingoja.

"Tupo," Recheli aliimba, "moto haujazimika."

Mama akatabasamu upande mmoja, akagonga ubeti wa pili. Hapo palikuwa kituo gani, hakuna ajuaye. Wakaenda hivyo mpaka viazi vikaisha, mama akisafiri njia yote, binti akiitikia maneno asiyoyasikia.

FUNZO

Simu haina kosa, na kupenda uzuri wa mbali si dhambi. Kosa la Recheli lilikuwa kumwambia "kesho" mtu aliyekaa naye karibu. Video itakungoja, mama yako hawezi. Akianza kuimba, toa hedifoni umwitikie, na umwombe akufundishe sehemu yake pia.

Recheli amekubali niyaandike haya kwa sababu bado anatumaini. Kama kuna mzee popote kati ya hapa na pwani anayezikumbuka beti zile, na aje Cheyo, aulize kwa Bibi Asnath. Watu wapo nyumbani, wanangoja.