Pikapu Haina Shingo

Asubuhi kwetu Kinyangiri huanza kwa kuchota maji na kuwatoa mbuzi zizini. Wakati wa mavuno mimi hupepeta alizeti. Gerald, mume wangu, alikuwa akijaza magunia na kuyashona. Kaka yake, Hezekia, ndiye dereva. Ana pikapu ya zamani, na tela ambalo ndugu hao wawili walilinunua pamoja. Alizeti yetu yote husafiri kwa tela hilo hadi kiwanda cha mafuta mjini Singida.

Mwaka jana, mwezi wa sita, pikapu ilikuwa inapanda mlima. Tela likachomoka, likarudi nyuma. Gerald alikuwa nyuma yake kwa baiskeli. Alifariki palepale.

Msibani watu walisema siku yake ilikuwa imefika. Sikubishana nao. Lakini mwaka huu, Hezekia alipokuja kupakia, nilikaa juu ya gunia la kwanza.

"Shemeji, hakuna gunia litakalopanda," nilimwambia. "Kwanza nijue tela lilichomokaje. Kesho litamwua mwingine."

"Lilikuwa shimo."

"Mashimo yapo miaka yote."

"Sasa unataka alizeti iliwe na panya?"

"Nataka kujua."

"Fundi Klara yuko kwa mama yake, hapahapa kijijini. Twende tukamwite. Akisema ni shimo, utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

Klara ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko Mandewa, mjini Singida. Alikuja na kitambaa na tochi.

"Shikamoo, kaka Hezekia."

"Marahaba. Hivi Klara, wewe umewahi kufunga ng'ombe nira?"

"Nimelima na ng'ombe wa baba mpaka nikamaliza darasa la saba. Wewe ulikuwa unakuja kuwaazima."

Klara akainama nyuma ya pikapu. Pale kwenye bampa kuna kiungio, yaani chuma cha kuvutia tela. Juu yake kuna tufe la chuma. Kikombe cha tela hukaa juu ya tufe hilo. Alifuta grisi.

"Magdalena, soma hapa."

Nikasoma. Tufe lilikuwa limeandikwa 47. Akafuta kikombe pia. Kilikuwa kimeandikwa 50.

"Hizi ni milimita," alisema. "Namba hizi zinatakiwa zilingane. Nani alichagua tufe hili?"

"Mimi," alisema Hezekia. "Dukani walinipa la hamsini. Nikaona linabana, nikalirudisha. Nira ikibana, ng'ombe anaumia shingo. Lazima icheze kidogo. Hapa kila mtu anajua hivyo."

"Nira inacheza kwa sababu ng'ombe ana shingo. Pikapu haina shingo. Kikombe kikicheza juu ya tufe, gari likipiga shimo, kikombe kinaruka. Pikapu inakwenda, tela linabaki."

"Lakini ni milimita tatu tu."

"Tatu zinatosha."

Hezekia akakaa juu ya tairi la tela. "Kwa hiyo siyo shimo."

"Shimo lilikuwepo. Tufe la hamsini lingeshika."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mtu, siku nitakayojua. Sikuyasema. Nilimletea Klara maji, na Hezekia nikamletea.

Klara akaendelea. "Tazama, tufe hili mwisho wake ni kilo mia tisa. Mnapakia magunia mangapi?"

"Ishirini," nilisema.

"Kila gunia kama kilo sitini. Hiyo ni elfu moja na mia mbili. Tela lenyewe mia nne. Jumla elfu moja na mia sita. Angalia uwezo wa tufe, kiungio, tela na pikapu. Chenye uwezo mdogo kuliko vyote ndicho kinachoamua mzigo. Halafu kiungio umekifunga kwenye bampa. Bampa ni bati. Kinafungwa kwenye chasisi, fremu ya chini ya gari. Na minyororo iko wapi?"

"Minyororo ya nini, na tufe lipo?" aliuliza Hezekia.

"Ya siku tufe litakapoachia. Miwili, ipishane chini ya kikombe. Hapo tela haliendi popote."

Wiki iliyofuata Hezekia alikwenda Mandewa. Klara alifunga kwenye chasisi kiungio chenye uwezo wa kilo elfu mbili, na tufe la hamsini lenye uwezo huohuo. Kwanza alihakikisha kwamba pikapu na tela vinaruhusiwa kubeba na kuvuta mzigo wetu. Aliweka minyororo. Breki za tela, ambazo zilikuwa hazishiki, alizitengeneza.

Tukapakia. Hezekia alianza kusukuma magunia nyuma, kama tunavyofanya kwenye mkokoteni ili ng'ombe wasilemewe. Klara alikuwa amemkataza. Nikamkumbusha. Mzigo ukikaa nyuma, tela huyumba. Tuliweka mwingi kidogo mbele ya ekseli, chuma kinachoshika magurudumu.

Kikombe kilipokaa juu ya tufe na pini yake ikafungwa, nilipiga jeki chini ya mkono wa tela, chuma kirefu chenye kikombe mbele. Nyuma ya pikapu ikainuka pamoja nao. Klara alitufundisha hivyo. Ikiinuka pamoja, kimeshika. Kikombe kikitoka peke yake, msisafiri.

Nilikaa mbele na dereva. Kabla ya mlima ule, Hezekia alisimama, akashuka, akakagua. Akapanda polepole. Tela likafuata. Magunia yote ishirini yalifika kiwandani.

Baada ya siku chache alikuja Yeremia, jirani yetu mwenye tela la kubebea matofali.

"Hezekia, lile tufe dogo kama hulitumii, niuzie. Langu linabana."

"Siuzi."

"Unalifanyia nini sasa?"

"Lilimwua mdogo wangu," alisema Hezekia. "Nililichagua mimi."

Sikuwa nimewahi kumsikia shemeji akisema hivyo, hata nyumbani.

"Kikombe chako ni namba ngapi?" Hezekia akamwuliza.

"Sijui. Kina grisi tele."

Hezekia akachukua kitambaa, wakaondoka pamoja kwenda kuisoma.