Ukurasa wa Saba

Feni ya duka la fotokopi ndiyo iliyowakutanisha. Ilikuwa wiki ya mitihani, foleni imefika hadi nje mlangoni, na kijana mmoja aliyefunga vifungo vya shati upande akaweka rundo lake la karatasi pale pale upepo ulipokuwa ukipiga. Zote zikaruka.

"Jamani, nota zangu!"

"Kaka, usikanyage! Inama!" alifoka dada wa kopi, huku naye akipiga magoti, blauzi yake ya kijani ikifagia sakafu. Akaokota moja, akaigeuza juu chini. "Hawa ni nini, sisimizi?"

"Muziki. Wa piano na selo, ile fidla kubwa. Natunga mimi, na piano napiga mimi."

"Na hawa sisimizi wako wanajua wanakokwenda? Mbona kurasa hazina namba?"

Hazikuwa na namba. Basi foleni ikanuna, mtunzi akapanga, dada akaandika namba moja moja kwa kalamu ya buluu, vidole vimemchafuka wino. Toka siku hiyo mtunzi akamwita Wino. Naye akamwita Bwana Sisimizi.

Mapenzi yao yalikua dukani. Mtunzi alikuja kutoa kopi ya karatasi moja, kesho kopi ya kopi ile ile. Jioni walipigiana simu.

"Wino wangu, sikiliza hii." Piano ikalia ngri, kimya, ngri.

"Hiyo ni piano au umeangusha sufuria?"

"Ni muziki wa leo."

"Basi wa jana ulikuwa na afya zaidi," alijibu, mtunzi akacheka mpaka simu ikamponyoka.

Kisha mama yake Wino akaugua. Asubuhi aliyofariki, Wino alimpigia mtunzi kutoka kwenye korido ya hospitali. Hakupokea, maana alikuwa mazoezini. Wino akamwachia ujumbe wa sauti wa dakika moja na sekunde kumi, na maneno yale hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata kaka yake. Mtunzi naye hakuyataja kamwe. Alimshika tu mkono mpaka mazishini na baada ya mazishi. Lakini kuna swali moja aliacha kumuuliza kwenye simu, na Wino alimshukuru kimoyomoyo.

Miezi minane ikapita. Asubuhi ya onyesho lake kubwa, mtunzi alileta nota mbio mbio.

"Nakala mbili, mpenzi, yangu na ya mama wa selo. Saa kumi na moja tunaanza. Safu ya mbele watakaa watu wa kunipa kazi ya mwaka mzima, roho iko juu!"

"Nenda kapige pasi hilo shati. Njoo saa sita."

Mashine ikaanza kutema. Moja, mbili, tatu. Wino alikuwa akihesabu tu kama kawaida yake, mpaka ukurasa wa saba. Chini ya mstari wa selo palikuwa na maneno kwa penseli, silabi kwa silabi, kila moja chini ya nota yake:

*A-me-ni-u-li-za ka-ma ni-me-ku-la. Ni-ka-mwa-mbi-a ni-me-ku-la. Si-ku-wa ni-me-ku-la.*

Mteja akasema, "Dada, chenji yangu," hakusikia.

Saa sita mtunzi aliingia akitabasamu, shati limenyooka. Tabasamu likafia mlangoni.

"Umeweka ujumbe wangu kwenye piano," Wino alisema taratibu.

"Kwenye selo. Wino, nisikilize. Hakuna neno litakaloimbwa. Nilifuata tu sauti yako ilivyopanda na kushuka. Penseli ni ya kunikumbusha. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Neno la mwisho nililomwambia mama yangu ni uongo, na wewe umeutafutia mpiga selo!"

"Sijawahi kuandika kitu cha kweli kama hicho."

"Ungeniomba."

"Niliogopa ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Wino akamsukumia nakala mbili na ile asili, zote zimebanwa vizuri. Kisha akainua karatasi tatu, akazikunja, akazitia kwenye mkoba wake.

"Ukurasa wa saba nimeutoa."

"Tunaujua kwa moyo," mtunzi alisema kwa sauti ndogo. "Kuchukua karatasi hakutuzuii kuupiga."

"Najua. Ndiyo maana nimechukua karatasi tu. Mengine utaamua mwenyewe."

Alijiambia haendi. Saa kumi na moja kasoro dakika tano alikuwa amekaa safu ya nyuma, amevaa gauni jeusi la mazishi, mkoba mapajani.

Nota hakuzijua, ila kurasa alizijua. Kila mara yule mama wa miwani aliyeketi kando ya piano kumgeuzia mtunzi kurasa alipogeuza karatasi, Wino alihesabu. Mbili. Tatu. Muziki ulikuwa ukikaza kama kamba ya kisima yenye ndoo iliyojaa. Tano. Sita. Selo ikapanda, ikapanda, na Wino akaukamata mkoba kwa mikono yote miwili.

Mtunzi akashusha mikono mapajani. Mama wa selo akalaza upinde.

Kimya. Mtu akakohoa. Safu ya mbele vichwa vikageukiana.

"Wamepotea hawa," mzee wa pembeni alinong'ona.

"Hawajapotea," Wino alisema.

Akajua kimya kile kitadumu muda gani kabla hakijaisha: dakika moja na sekunde kumi. Ndani yake akajisikia mwenyewe kwenye korido ile, neno kwa neno, na hakuna mwingine aliyesikia. Kisha karatasi ikageuzwa, ukurasa wa nane ukaanza, na machozi yaliyokataa miezi minane yakashuka.

Makofi yalikuwa ya wastani. Watu wa safu ya mbele waliondoka bila kumpa mtunzi mkono. Ukumbi ulipobaki viti vitupu, Wino alipanda jukwaani, akaweka karatasi moja juu ya piano.

"Nipigie. Mimi peke yangu."

"Una hakika?"

"Piga kabla sijageuza nia."

Akapiga mstari wa selo kwa mkono mmoja, polepole. Ulikuwa wimbo mfupi, hauna pambo, na ulimalizika kama mtu aliyeishiwa pumzi. Mtunzi hakugeuka. Akauliza swali ambalo hakuthubutu kuliuliza kwa miezi minane:

"Wino, umekula?"

"Sijala. Tangu asubuhi sijala kitu."

"Basi twende tukale." Akafunga kifuniko cha piano. "Na nikuombe jambo, maana leo nimejifunza kuomba. Nataka niwe nakuuliza hivyo kila siku, nyumbani kwetu, mpaka tuzeeke. Unakubali?"

Wino aliutazama ukurasa wa saba, akaukunja, akautia kwenye mfuko wa shati la mtunzi lililonyooka.

"Nakubali. Ila vifungo umekosea tena, Bwana Sisimizi."