Filimbi Nyekundu ya Minza

Kila alipotoka shule, Minza aliteka maji, akabandika maharage, kisha akakimbilia gulioni kutazama pamba ikipimwa. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika, na gulio la Sapiwi lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mwaka ule biashara iliachiwa huru, wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake na kipaza sauti chake. Mmoja wao, ili awavute wazazi, aliwagawia watoto filimbi za plastiki. Minza alipata nyekundu.

Babu yake, mzee Bundala, hakuifurahia hata kidogo. Pale kijijini filimbi ilikuwa na kazi moja: ikilia, ng'ombe wameibwa, na kila sungusungu, mlinzi wa jadi wa kijiji, huacha alichoshika akakimbia kusaidia. Alimwambia aitupe. Minza akajibu kwamba ile ni ya kuchezea tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri moja yeye na rafiki yake Flora, pamoja na watoto wengine tele, walikuwa wakishindana kupuliza. Katikati ya zogo Minza alisikia filimbi nyembamba, ndefu, kutoka upande wa mto. Ilinyamaza, ikalia tena. Alisita kidogo. Kisha akadhani ni mtoto anayetaka kumshinda, akavimbisha mashavu na kupuliza kwa nguvu zaidi.

Jioni babu alirudi kutoka malishoni peke yake, midomo imemvimba. Wezi walikuwa wameswaga maksai wake wa kulimia.

"Nimepuliza, nimepiga mwano wa kuomba msaada mpaka sauti imekauka," alisema. "Hakuja mtu."

Sungusungu walifuata nyayo hadi zikapotea kwenye mawe. Wengi wao walikiri kwamba walisikia filimbi, wakadhani ni watoto. Minza alishindwa kula. Alimfuata babu zizini.

"Babu, mimi nilikusikia. Nikapuliza juu ya sauti yako."

Babu hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kijiji kilikubaliana watoto warudishe filimbi zote, na anayeomba msaada apulize ndefu, fupi, ndefu, anyamaze, kisha arudie, ili mlio wake usidhaniwe kuwa wa mchezo. Minza alikuwa wa kwanza kutoa yake. Lakini maksai hawakurudi.

Mvua zilipoanza, familia nzima ililima kwa jembe la mkono. Viganja vya Minza vilitoka malengelenge, naye hakulalamika. Alimuuliza babu kama filimbi kubwa zaidi ingesaidia siku ile.

"Hapana, mjukuu wangu," alijibu babu akiegemea jembe. "Filimbi yangu ni ileile iliyowaita watu miaka yote. Haikupungua sauti. Kelele ndizo zilizoongezeka, na kama ningeongeza yangu, nanyi mngeongeza zenu. Ukipiga kelele bila neno, unamziba mdomo mwenye neno."

Minza aliinama akaendelea kulima. Mwaka ule nusu ya shamba iliota magugu, na kila alipopita kando yake aliisikia tena ile filimbi nyembamba ya upande wa mto.