Kistari Mahali pa Mama

Kila alasiri, akishavua sare na kula, msichana mmoja wa darasa la sita aliketi kwenye meza ya jikoni na kuanza kuhesabu. Shule nzima ilimwita Vidole, maana hakuweza kutunga hata mstari mmoja wa shairi bila kuhesabu mizani kwa vidole: nane upande huu, nane upande ule, midomo ikimchezacheza kama mtu anayejisengenya mwenyewe. Siku hiyo Bibi alikuwa upande wa pili wa meza, akinyunyizia maji nguo za kupiga pasi. Mama alikuwa bado kazini posta, akichambua barua.

"Bibi," Vidole alisema, "Mwalimu anataka tutunge shairi kuhusu mtu wa familia ambaye hatukuwahi kumwona. Ijumaa tutasoma mbele ya wazazi. Mimi nataka kumwandika mama yako."

Mkono wa Bibi ulisimama hewani, maji yakimdondoka.

"Mama yangu alifariki siku niliyozaliwa," akajibu. "Utaandika nini juu ya mtu ambaye hata mimi sikumjua? Mwandike baba yangu. Alikuwa msimamizi wa reli."

Habari za huyo baba Vidole alizijua. Alikuwa Mzungu, na kwake ndiko Bibi alikotoa ngozi yake ya maji ya kunde na vidoadoa vya puani. Lakini msimamizi wa reli hakumvutia. Bibi alipokwenda kuanua nguo, Vidole alifungua kabati na kutoa picha ya zamani iliyolala chini ya mashuka. Ilimwonyesha Bibi akiwa mtoto wa miaka saba hivi, kavaa sare, kasimama mbele ya lango. Hatua moja nyuma yake alisimama mwanamke mweusi, mrefu, kashika mkoba wa shule.

"Huyu nani, Bibi?" aliuliza Bibi aliporudi.

"Yaya wangu. Rudisha picha ulikoitoa."

Jioni mjomba wake, fundi magari, alipita kusalimia. Vidole akamuuliza kama aliwahi kusikia lolote kuhusu mama yake Bibi.

"Kusikia? Namkumbuka vizuri!" mjomba akacheka. "Alikuwa akinibeba mgongoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya kipande namkumbuka yeye."

"Kaka, unachanganya mambo," Mama alidakia. "Yule alikuwa yaya."

"Yaya gani anayekaa kwetu mpaka anakufa, na mama yetu analia siku tatu hataki kula?"

Kabla Mama hajajibu, Bibi aliinuka akaenda chumbani kwake bila kuaga.

Kichwa cha Vidole kilikuwa kama uzi uliochezewa na paka. Mtu aliyekufa kwa uzazi angembebaje mjomba mgongoni? Na kama alikuwa yaya, kwa nini mjomba amhesabu kuwa mama yake Bibi? Alilala na maswali hayo, akaamka nayo. Mwisho, kwa kuwa shairi lilitakiwa kesho yake, alibuni. Alimtunga mama wa Bibi aliyevaa hariri na kuishi katika nyumba ya ghorofa:

*Mikono yake laini, akikipiga kinanda…*

Mizani ilikaa sawasawa, vina vikaitikiana. Mwalimu alilisoma mara mbili, akatangaza kwamba Ijumaa litasomwa la kwanza. Wenzake wakampigia makofi. Vidole alitabasamu, lakini alijisikia kama mtu aliyevikwa kilemba cha ukoka, tena kwa mikono yake mwenyewe.

"Una picha yoyote ya zamani ya nyumbani?" Mwalimu aliuliza. "Tutaibandika ubaoni."

Kesho yake Vidole alileta ile picha ya langoni, ndiyo pekee aliyoijua. Mwalimu aliisogeza dirishani, akaitazama, akatazama nje.

"Hili si lango letu hili? Bibi yako alisoma hapa? Hebu nenda ofisini kwa mama karani. Ana madaftari ya tangu shule inafunguliwa."

Mama karani alikuwa mwanamke mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na kila mara aliitafuta hiyo ya kichwani. Alifuta vumbi kwenye daftari refu, akapitisha kidole hadi kwenye jina la Bibi. Vidole alisoma naye. *Rangi: chotara. Baba: msimamizi wa reli. Mama:* na hapo palichorwa kistari kifupi cha wino. *Aliyemleta: yaya.*

"Kwa nini mama yake hakuandikwa? Kwa sababu alikuwa amekufa?"

"Waliokufa waliandikwa 'marehemu'. Ona huyu hapa." Mama karani alishusha kidole. "Tazama ukurasa wote, mwanangu."

Vidole alitazama. Katika safu ya mama kulikuwa na kistari, kistari, marehemu, kistari, kistari. Alihesabu, vidole vikamwishia akaanza upya, hadi vikafika ishirini na tatu.

"Wakati ule watu waligawanywa kwa rangi," mama karani alisema kwa sauti ya chini. "Wazungu na shule yao, machotara na yao, yaani hii, na weusi na yao, isiyo na madawati wala vitabu. Mtoto aliyekuwa akilelewa na mama mweusi hakupokelewa hapa. Kwa hiyo akina mama wengi walikubali kufutwa. Kwenye kitabu cha historia mnachosoma darasani hutalikuta jambo hili."

"Kwa hiyo yaya alikuwa…"

"Hilo sina ruhusa ya kukujibu mimi. Mwulize bibi yako. Na umwulize kwa upole."

Vidole alirudi nyumbani akiwa hajui kama anataka kujua. Alimkuta Bibi peke yake, akikunja nguo. Aliweka picha mezani, akasema, "Bibi, nimeona daftari la shule. Mahali pa mama pana kistari."

Bibi aligeuka mkali. "Nani alikutuma kuchokoa yasiyokuhusu?"

"Nilitunga shairi la uongo, Bibi. Nimesema alipiga kinanda. Wamenisifu, na mimi sijui hata nimemsifu nani."

Bibi alikaa kitako. Alilainisha shati moja kwa kiganja.

"Kinanda," alisema. "Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwa sabuni. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni ya reli. Usiku mmoja kabla ya kunipeleka shule alinikalisha kitandani, akaniambia: 'Kuanzia kesho, mbele za watu mimi ni yaya. Ukisahau mara moja tu, watakufukuza.' Nikacheka, nikadhani ni mchezo. Sikusahau hata mara moja, mjukuu wangu. Niliuzoea mchezo mpaka nikauona ni kweli. Niliwaona wenzangu wakiwaonea haya mama zao, na mimi nikamwonea haya wangu. Nilipoolewa nilimtambulisha kwa mume wangu kama yaya. Mama yangu akanitazama, akaenda kupika chai."

"Na hukumwita mama tena?"

"Siku ya mwisho, hospitalini. Sijui kama alisikia."

Vidole hakujua afanye nini na mikono yake. Alimwonea Bibi huruma, na papo hapo alimkasirikia, na hasira hiyo nayo ikamtia aibu. Alisogea, akachukua shuka, akampa Bibi upande mmoja, wakalikunja pamoja.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mama aliomba ruhusa kazini. Mjomba alikuja na mafuta ya gari kwenye kucha. Kiti cha Bibi kilikuwa kitupu. Vidole alipoitwa, alikwenda mbele.

"Shairi nililomwonyesha Mwalimu lilikuwa la uongo," alisema. "Naomba radhi. Nimetunga jingine, la mama yake Bibi, ambaye kwenye daftari la shule ameandikwa kistari. Ni ubeti mmoja tu, maana nilikuwa na siku moja."

Minong'ono ilipita ukumbini. Mwalimu aliinua mkono kuwatuliza, akamwashiria aendelee.

*Alimshika mkono, hadi langoni shuleni,*
*Hakutamka maneno, aitwapo hadharani,*
*"Yaya" lilikuwa neno, "mama" lilifichwa ndani,*
*Leo nasema kwa wino: ni mama yake yakini.*

Hakuna aliyepiga makofi. Vidole alidhani ameharibu kila kitu. Kisha akamwona Bibi mlangoni, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakujua alikuwa amesimama pale tangu lini. Na katika safu za nyuma mzee mmoja, babu wa mwanafunzi mwenzake, aliinuka polepole na kumwuliza mama karani kwa sauti iliyosikika na wote, "Jina langu nalo limo katika daftari hilo?"

Mchana huo daftari lilitolewa ofisini. Mama karani alisema maandishi ya zamani hayafutwi, ila yanaweza kuongezewa, akaleta karatasi nyeupe za kubandika pembeni. Bibi aliandika jina la mama yake kwa herufi kubwa, kalamu ikikwaruza, kisha akampisha yule mzee.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Vidole aliuliza, "Bibi, umenikasirikia?"

"Kidogo. Na wewe?"

"Kidogo. Sijui. Nikifikiri kwa nini ulificha, naelewa. Nikimfikiria yeye anapika chai, sielewi tena."

"Hata mimi sielewi, na nina miaka sabini na mbili," Bibi alisema. "Waliotugawa walikosa, na kosa lao lilikuwa kubwa kuliko langu. Lakini sheria yao ilipokufa, mimi niliendelea kuitii nyumbani kwangu. Hilo ni langu. Sikiliza, mjukuu wangu: ukitunga uongo mzuri juu ya mtu, unamzika mara ya pili. Ukweli ulikutia hofu mbele ya watu wote, na bado uliusema. Fanya hivyo siku zote, hata ukiwa hujaelewa kila kitu."

Vidole alimshika mkono, wakavuka barabara.